Orodha Niliyoipiga Mwenyewe

Wiki iliyopita nilikwenda Kikatiti kuhani msiba wa mwanamke niliyemkosesha nyumba. Nilifika nimechelewa. Waislamu hawakawizi maiti, na mimi habari nilizipata kesho yake kwa muuza ndizi, tena kwa bahati tu. Nikakuta wameshazika, wanawake wamekaa mkekani, nikavua viatu nikakaa karibu na mlango kwa sababu mtoto niliyembeba alikuwa anakohoa. Mama mmoja mnene, nadhani mpwa wa marehemu, alikuwa anasimulia: "Shangazi alikuwa na nyumba yake mjini, Levolosi kule, vyumba vinne. Mungu hakumwandikia kukaa nayo." Wenzake wakaitikia, "Ndiyo hivyo, kila jambo lina Mola." Mimi nikasema, "Si Mungu aliyeandika." Nilisema kwa sauti, haikuwa kunong'ona. Wote wakanigeukia. Yule mama akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hapa msibani," na mtoto akaanza kulia, ikawa sababu nzuri ya kunitoa nje.

Hasira ile nimerudi nayo nyumbani na haijaniachia. Napika nayo, nanyonyesha nayo. Mume wangu ananiambia, "Mama Nuru, yaache, yamepita." Yamepita wapi? Yamepita kwangu na kwake tunaolala chini ya bati letu. Kwa hiyo naandika, mtoto akilala naandika, akiamka naacha. Ya kwetu Kikwe, baba alikuwa nani na mama alilima nini, sitayagusa, hayana hatia katika jambo hili. Naandika mwaka mmoja tu, mwaka niliotoka shule ya misheni na darasa la kumi kichwani na kiburi cha darasa la kumi puani, nikapata kazi ya kupiga taipu katika ofisi moja ya serikali pale Arusha, msichana peke yangu katikati ya wanaume tisa. Haijapita miaka mingi tangu wakati huo. Bendera iliyo juu ya mlingoti bado ni ileile. Lakini nikimwangalia msichana yule naona kama namwangalia mdogo wangu ambaye sikumchapa vya kutosha.

Nilipanga kwa Mama Saidi. Alikuwa mjane, mwenyeji wa Kondoa, aliyekuja Arusha na mumewe kabla sijazaliwa, na nyumba waliijenga kwa mikono yao wawili: miti, udongo, bati za madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Chumba alichonipa kilikuwa cha Saidi, mwanawe wa pekee, aliyekwenda vitani na Waingereza asirudi. Kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia koti, dirisha la ubao ambalo asubuhi ukilisukuma unaona mlima au unaona ukungu, inategemea. Julai baridi ilikuwa inapenya ukutani kama hakuna ukuta. Mama Saidi alikuwa analeta jiko lenye makaa hadi mlangoni, anaegemea mwimo, ananichokoza. "Karani wangu, nionyeshe mikono. Tazama! Vidole vya wino kama mwizi wa zambarau. Nani atakuoa?" Mimi namjibu, "Atakayetaka barua ziandikwe vizuri, mama." Anacheka, anasema, "Basi utaolewa na posta." Jioni tulikula pamoja ukumbini. Aliponiona sishibi wali alitafuta ndizi akapika, huku akilalamika kwamba Wameru wana tumbo lisilojua chakula kingine, na alizipika vibaya, na nilikula zote.

Ofisini niliwekwa chini ya Bwana Elifasi, karani mkuu, Mchaga wa Machame, mzee wa kanisa, mwenye koti moja la kahawia lililopigwa pasi hadi likang'aa viwiko. Ndiye aliyenifundisha kupanga orodha. Shuleni nilifundishwa barua tu. Orodha ni kitu kingine. Nyuma ya mashine kulikuwa na reli nyembamba yenye meno, na juu yake vipande vidogo vya chuma unavyovisogeza kwa kidole. Bwana Elifasi aliviita vikomo. Unapoweka kikomo mahali fulani, ukibonyeza kile kitufe kirefu, gari la mashine linalobeba karatasi linateleza lenyewe na kusimama hapo hapo, kila mstari, bila kukosea hata nafasi moja. "Usikisie," aliniambia. "Tafuta jina refu kuliko yote katika safu, hesabu herufi zake, ongeza mbili, hapo ndipo kikomo." Nilipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kupenda kitu. Kugeuza mashine, kuinama, kusikia kikomo kikikaa kwenye jino lake. Safu tano zikisimama wima kama askari. Mtu ambaye hajawahi kuona ukurasa wake ukinyooka hataelewa kwa nini nilikuwa naondoka ofisini natembea kifua mbele.

Na pale ambapo mtu hana neno la kuandikwa, kwa mfano mjane katika safu ya mwenzi wa ndoa, Bwana Elifasi alinifundisha kupiga kistari. "Usipite bure," alisema. "Kistari ni shahidi kwamba hukulala." Kisha akaja Bwana mpya, Mzungu kijana mwenye pua iliyobabuka na jua, akaangalia orodha yetu moja akauliza vile vistari ni kitu gani, mbona karatasi ina chawa. Akaamuru vistari viondolewe. Pasipo na neno pabaki peupe. Bwana Elifasi akasema, "Yes, sir." Mimi nikasema, "Yes, sir." Jambo dogo kama hilo. Nikilikumbuka sasa nataka kumwaga sufuria.

Ukaja upimaji wa Levolosi. Serikali ilitaka kila nyumba iwe na kiwanja chenye namba na mwenye kiwanja awe na karatasi. Mpimaji alipita nyumba kwa nyumba na daftari, na kila aliyemkuta alimwekea alama kwamba yupo, na asiyemkuta alama kwamba hayupo. Kiwanja cha asiyekuwepo kitapewa mtu mwingine. Mama Saidi alimkuta nyumbani. Siwezi kusahau, kwa sababu jioni ile alinisimulia mara mbili jinsi alivyompa maji kwenye bilauri ya wageni, na jinsi mpimaji alivyosema, "Bibi, nyumba yako imenyooka." Nilikuwa na homa siku hiyo, nimelala chumbani, nilimsikia kwa masikio yangu akicheka uani.

Daftari lilipofika ofisini, orodha ilitakiwa kesho yake, nakala tano kwa kaboni. Bwana Elifasi alisoma, mimi nikapiga. Safu zilikuwa tano: jina, namba ya kiwanja, mwenzi wa ndoa, hayupo, yupo. Karibu wote walikuwepo na karibu wote walikuwa na wenzi, kwa hiyo vidole vilijifunza wimbo wao: jina, bonyeza, namba, bonyeza, mwenzi, bonyeza mara mbili, alama. Jina, namba, mwenzi, mbili, alama. Baada ya neno la mwisho, mbili. Kwa mtu asiye na mwenzi neno la mwisho ni namba, na ilibidi kubonyeza mara tatu. Katika ukurasa wa nne walikuwepo watu watatu wasio na mwenzi. Wawili niliwapiga sawasawa. Wa tatu Bwana Elifasi alisoma haraka, "Hadija binti Mabruki," akataja namba, akasema "yupo," hakusema "mwenzi hakuna" kama alivyosema kwa wale wawili, kwa sababu alikuwa anaangalia saa. Vidole vyangu vikabonyeza mbili. Alama ikakaa chini ya hayupo, nyeusi, safi, wima kabisa. Kistari kingenishtua. Hakukuwa na kistari. Tukaendelea.

Mtaniuliza, je, hukujua ni nani? Sikujua. Miezi yote ile nilikuwa nakula mkononi mwa mwanamke yule na sikuwahi kumwuliza jina. Kwetu mtu mzima haulizwi jina na binti mdogo kwake kwa miaka arobaini. Nilimkuta anaitwa Mama Saidi, nikamwamkia Mama Saidi, na hata namba za viwanja hakuna aliyezijua, zilikuwa mpya. Nilipokuwa napiga nilimtafuta kama Mama Saidi, nikamkosa, nikajiambia atakuwa yumo kwa jina la marehemu mumewe.

Orodha ikabandikwa kwenye ubao nje ya ofisi, na chini yake Bwana mpya akatia maneno kwamba mwenye malalamiko ayalete ndani ya siku kumi na nne. Saa ya chakula cha mchana nikamwona Mama Saidi anakuja kwa mwendo wake wa pole, amevaa kanga mpya. Qurani alikuwa anaisoma vizuri, lakini herufi za Kizungu zilikuwa kwake kama nyayo za kuku. Akanishika mkono mbele za watu, anajivuna. "Nisomee, karani wangu. Niambie namba ya nyumba yangu niwe mtu." Nikasoma ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nikamwambia, "Sikuoni, mama. Jina lako la kuandikwa ni nani?" Akacheka, akafunika mdomo na kanga. "Wewe nawe! Hadija binti Mabruki."

Jina hilo nilikuwa nimelipiga siku tatu tu kabla. Sikuhitaji kulitafuta. Macho yalikwenda yenyewe ukurasa wa nne, yakakuta jina, yakafuata mstari, yakaona alama iliposimama. Na mdomo wangu, mdomo wa darasa la kumi uliobatizwa, ukasema, "Bado hawajabandika orodha yote, mama. Nyingine inakuja."

"Haya," akasema. "Nitasubiri. Si nina mtu ndani?"

Nilimwendea Bwana Elifasi mchana uleule. Simsingizii, alishtuka kweli. Alifungua daftari la mpimaji, akaangalia nakala, akafunga mlango. "Ni wangapi?" "Mmoja." "Mwenyewe ameona?" "Hasomi." Akapumua. Mimi niliona alivyopumua, na mimi pia nikapumua. Hilo ndilo ninaloandika kwa nguvu hapa: tulipumua wote wawili. Akaniambia, "Naomi, wewe upo kwenye miezi ya majaribio. Ukienda wewe kwa Bwana, leo hii unarudi Kikwe kulima. Mimi nina watoto sita. Niachie. Nitatafuta saa nzuri nimweleze, alama itahamishwa, hakuna atakayejua." Nikamwachia. Nilitaka sana kumwachia.

Mwezi wa Ramadhani uliandama kesho yake. Mimi Mlutheri sikufunga, lakini Mama Saidi hakukubali nile peke yangu jioni. Adhana ikilia anaita, "Mkristo wangu, njoo utusaidie kumaliza." Uji wa pilipili manga, magimbi, tambi alizozikaanga hadi zikawa rangi ya dhahabu. Tunakaa mkekani na majirani wawili watatu, na kila jioni, baada ya tende ya kwanza, ananiuliza bila haraka: "Hawajabandika?" Namjibu, "Bado, mama." Siku ya tano jirani mmoja akamwambia, "Nenda kaulize mwenyewe, Mama Saidi, wenzio tumeshapata namba." Akamjibu kwa kumcheka, "Nina karani ndani ya nyumba, nikahangaike na watu wa njiani? Wewe uliyekosa karani ndiyo ukahangaike." Wote wakacheka. Nilimeza gimbi likakwama, akanipiga mgongoni akanipa maji.

Kila asubuhi namwangalia Bwana Elifasi, naye anatikisa kichwa kidogo, bado. Siku ya nane nikamwuliza. "Bwana ana homa." Siku ya kumi na moja: "Bwana amekasirika leo, barua imetoka Dar es Salaam." Siku ya kumi na tatu Bwana alikwenda safari Monduli. Siku ya kumi na tano nikaona Bwana Elifasi anatia muhuri nakala za mwisho, anakwepa macho yangu. "Ulimwambia?" "Nilikuwa natafuta saa nzuri." Neno hilo, saa nzuri, nimemchukia nalo hadi leo. Nimewahi kukutana naye njiani na koti lake lilelile, nikavuka upande wa pili nisimwamkie, mzee wa kanisa langu mwenyewe. Lakini kila jioni juu ya mkeka ule mimi nami nilikuwa naitafuta saa nzuri. Na mimi ndiye niliyekuwa mkekani.

Baada ya Idi alikuja askari na barua: kiwanja kimepewa mtu mwingine, mwenye vifaa vya ujenzi aviondoe ndani ya siku saba. Mama Saidi hakunisubiri nirudi. Alivaa buibui, akaja mwenyewe hadi mbele ya meza ya Bwana. Mashine yangu ilikuwa chumba hichohicho, mgongo wangu umewaelekea. Nilisikia yote. "Mwambie Bwana mimi nilikuwepo. Mpimaji nilimpa maji." Bwana Elifasi akatafsiri. Mzungu akasema kitu kifupi. "Bwana anasema karatasi inasema hukuwepo." "Karatasi ilikuja nyumbani kwangu? Mpimaji ndiye aliyekuja. Aitwe." "Bwana anasema siku za malalamiko zimepita." Kisha nikasikia anasema polepole, si kwa Bwana, "Karani wangu yupo hapo. Anajua nilikuwepo. Alikuwa ndani, ana homa."

Hakuna aliyetafsiri. Bwana Elifasi hakutafsiri. Mimi sikugeuka. Mkononi nilikuwa na barua ya kuomba mabomba ya maji, nikaendelea kuipiga, na barua ile niliipiga vizuri, haikuwa na kosa hata moja.

Siku ya kubomoa niliomba ruhusa ofisini nikasema naumwa. Fundi alikuwa juu anang'oa bati, majirani wanazipokea na kuzipanga kwa ajili ya lori la kumpeleka Kikatiti kwa ndugu zake, na mimi na Mama Saidi tulikaa chini juu ya jiwe tunanyoosha misumari. Msumari mzuri hautupwi. Unauweka ubavu juu ya jiwe, unaugonga hadi unyooke, unautia koponi. Tulifanya hivyo asubuhi nzima, yeye na nyundo, mimi na jiwe la mkononi, na nikaona kama nisiposema pale nitakuwa mtu wa namna fulani maisha yangu yote. Nikasema, "Mama, aliyekosea ni mimi. Ni mimi niliyeipiga ile orodha."

Hakuacha kugonga. "Ulijua lini?"

"Siku ile ubaoni. Uliponitajia jina."

Aligonga msumari mmoja, akautia koponi. Akachukua mwingine. "Kabla mwezi haujaandama."

"Ndiyo, mama."

"Mfungo wote basi." Akanyanyua uso. Nilitegemea atanipiga na nilitaka anipige. "Sikia. Hawa watu wanasema nilikuwa nimekwenda Kondoa kwa waganga mpimaji alipokuja. Wanasema nimedanganya. Nimekaa mtaa huu miaka thelathini, sijasema uongo wa hata kibaba cha chumvi. Nyumba imekwisha, siidai. Simama uwaambie. Wapo wote hapa."

Nikasimama. Fundi juu akaacha kung'oa. Jirani aliyeambiwa hana karani alikuwepo, ameshika bati kichwani. Nikawaangalia, nikafikiria ofisi, nikafikiria meza yangu na vikomo vyangu na kurudi Kikwe mchana kweupe, na nikasikia sauti yangu ikisema, kama barua zinavyosema, "Jamani, kuna makosa yalitokea ofisini."

"Yalitokea," akasema Mama Saidi. Alisema taratibu, anaonja. "Yalitokea yenyewe, kama mvua." Akaokota kopo lake la misumari, akaondoka kuketi upande wa pili, mgongo kwangu. Hakuniongelesha tena. Lori lilipokuja nilibeba mlango wa chumba cha Saidi hadi barabarani, ukapokelewa na mtu mwingine. Ofisini nilidumu miezi mitano zaidi, kisha wakamtaka mwanamume. Kikatiti ni safari ya saa moja tu kwa basi. Kwa miaka yote hiyo sikwenda, hadi wiki iliyopita.

Kwa hiyo walioko Kikatiti, na walioko Levolosi waliobaki, mtu mwenye kusoma awasomee. Hadija binti Mabruki alikuwa nyumbani kwake siku ya upimaji. Hakwenda Kondoa, hakudanganya mtu. Mimi, Naomi, nilibonyeza mara mbili badala ya tatu, nikajua, nikamwambia uongo mfungo mzima huku nafuturu kwake, na alipokuja ofisini kuniomba nimshuhudie, sikugeuza shingo.